UZI: Q bila U na ndugu zake: maneno mafupi ya Kiingereza ambayo Mswahili anayajua bila kujua kwamba anayajua

#1 Kete Saba

Wakuu, salaam.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba katika Kiingereza herufi Q haiandikwi bila kufuatwa na U. "Queen", "quick", "quit", "quiz", yote yanatii. Kanuni hiyo inamtosha mwandishi wa barua, lakini mcheza Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa kete zenye herufi, inamtia hasara. Kati ya kete 100 za mchezo ule Q ni moja tu, ina pointi 10, na U ziko nne. U zote zikishatua ubaoni na wewe bado umeishika Q, ukiamini haiwezi kwenda peke yake, utakwama nayo hadi mwisho: unakatwa pointi 10, na mwenzako aliyemaliza kete zake anaongezewa 10 hizohizo.

Nimeleta uzi huu kwa sababu orodha za maneno ya namna hii zimejaa mtandaoni, na karibu zote zinakupa herufi tupu, kama namba za simu. Mtu anakariri "qadi", "waqf", "talaq", "suq" kwa jasho, wala hakuna anayemwambia kwamba maneno hayo yamo mdomoni mwake tangu utotoni. Hoja yangu ni hii: yana maana, maana zina asili, na sisi tunaosema Kiswahili tumesimama karibu na asili hiyo kuliko wenye Kiingereza wengi.

Nianze na fupi kuliko yote, "qi". Ni neno la Kichina, nguvu ya uhai inayosemwa kuzunguka mwilini. Utalikuta sana kwenye mazungumzo ya tiba za Kichina na mazoezi ya viungo. Kwa nini Q? Kwa sababu katika pinyin, mfumo wa kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini ambao China iliuidhinisha mwaka 1958, q inasimamia sauti iliyo karibu na "ch" yetu. Ndiyo maana neno lilelile linaandikwa pia "chi". Wajapani nao wana "ki", dhana ileile, na limo kwenye orodha ya maneno yanayokubalika mchezoni. Wingi wa "qi" ni "qis". Kwa pointi halina mfano: ukiitua Q kwenye mraba unaozidisha pointi za herufi mara tatu, ikasomeka "qi" kwa mlalo na "qi" kwa wima, kila neno lina 31, jumla 62, na umetumia kete mbili tu.

Sasa mali yetu. Maneno mengi yenye Q isiyo na U yametoka Kiarabu. Herufi ق ya Kiarabu inatamkwa nyuma kabisa ya kinywa, na waandishi wa Kiingereza wa siku hizi huiwakilisha kwa q. Kiswahili nacho kiliyachukua maneno hayohayo, kikalainisha sauti ile kuwa k, kisha kikabandika irabu mwishoni kwa sababu hatupendi neno liishie kwa konsonanti. Basi fanya kinyume. Rudisha q mahali pa k, ondoa irabu tuliyoibandika, uone kinachotokea.

Wakfu inakuwa "waqf". Fikihi inakuwa "fiqh". Talaka ni "talaq". Nikabu ni "niqab". Fakiri ni "faqir". Kibla na kasida hazihitaji hata kuondolewa irabu: "qibla", "qasida". Kadhi ni "qadi", maana dh yetu kule wameiandika d. Soko ni "suq": sisi tumegeuza u kuwa o, lakini neno ni moja. Tazama maana: "waqf" ni mali iliyowekwa wakfu, "qadi" ni hakimu wa sheria za Kiislamu, "faqir" ni mtu aliyeacha mali ya dunia na kuishi kwa kuombaomba. Na hilo la mwisho lina utamu wake: fukara, neno tunalolitumia kila siku, ni wingi wa faqir katika Kiarabu. Sisi tumelifanya la umoja.

"Waqf" na "fiqh" zina pointi 19 kila moja kabla hujagusa mraba wa rangi unaozidisha pointi. Maneno ya herufi nne!

Yaliyobaki nayapitia haraka. "Qat" ni mirungi, au miraa kwa wengine. Huandikwa pia "khat" na "kat". "Qanat" ni mfereji wa maji uliochimbwa chini ya ardhi, sifa kubwa ya Iran, na UNESCO iliiingiza mifereji hiyo ya Uajemi kwenye urithi wa dunia mwaka 2016. "Qanun" ni ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Hapa angalieni, Kiingereza kimelichukua kwa maana ya ala peke yake, si kwa maana ya sheria kama kanuni yetu. "Qindar" ni sarafu ya Albania, mia moja zikitimia ni lek moja. "Umiaq" ni mashua ya wazi ya Wainuit iliyofunikwa ngozi. "Tranq" ni dawa ya kutuliza, na hili ni la Kiingereza chenyewe: wamekata neno refu katikati, kisu kikapita mara baada ya Q. "Qwerty" mnaliona kwenye kibodi zenu sasa hivi, safu ya juu ya herufi kutoka kushoto.

Karibuni mchangie. Nikipata muda nitarudi na Z.

#2 Mwanafunzi wa Lugha

Mkuu, uzi mzuri sana. Naomba kuuliza jambo la msingi zaidi. Hiyo U ilitoka wapi? Kama sauti ni "kw", si wangeandika kw tu kama sisi?

#3 Mzee wa Kamusi

Swali zuri, ndugu. Na Waingereza walikuwa wanaandika karibu hivyohivyo. Katika Kiingereza cha kale "queen" ilikuwa "cwen" na "quick" ilikuwa "cwic". Q hawakuihitaji kabisa. Mwaka 1066 Wanormani wakaiteka Uingereza, na waandishi waliozoea Kilatini na Kifaransa wakashika kalamu. Kwenye Kilatini sauti hiyo iliandikwa kwa Q na U, basi wakaanza kuyavalisha maneno ya Kiingereza vazi hilo. Cw ikafa, qu ikabaki. Kwa hiyo U ile ni mazoea ya makarani tu, haikuzaliwa na sauti.

Q yenyewe ni ya zamani kuliko wote hao. Wafoinike walikuwa na herufi waliyoiita qoph. Wagiriki wakaichukua, wakaiita koppa, baadaye wakaiacha katika kuandika maneno lakini wakaendelea kuitumia kama namba 90. Warumi wakairithi. Kiebrania kimeitunza mpaka leo, na jina lake, "qoph", ni neno halali la Kiingereza: herufi ya 19 ya alfabeti ya Kiebrania. Pia huandikwa "koph". Kete Saba umelisahau hilo, nimekuongezea.

Naomba niseme pia, kwa heshima, kwamba ق ya Kiarabu, qoph ya Kiebrania na Q ya Kilatini ni ukoo mmoja. Anayeandika "qadi" bila U hajavunja sheria yoyote. Ameirudisha herufi kwao.

#4 Shuwari

Nimesoma yote. Mleta uzi anaandika vizuri ila mimi napingana na msingi wa hoja. Maana haina kazi kwenye Scrabble. Ubao haukuulizi neno lina maana gani, unaangalia limo kwenye orodha au halimo, basi. Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kuweza kuzungumza Kifaransa. Alikaa na orodha akaikariri. Mwaka 2024 akafanya hivyo tena kwa Kihispania. Huyo ndiye mchezaji bora aliyewahi kuonekana, na njia yake ni kukariri herufi. Muda mnaotumia kutafuta asili ya "faqir" mngekuwa mmeshika maneno mengine hamsini.

#5 Kete Saba

Shuwari, nashukuru kwa kuja na hoja yenye ushahidi. Ya Richards ni kweli tupu, na ninamheshimu sana. Lakini yule ana kumbukumbu ambayo walimwengu wachache sana wamejaliwa. Ukichukua njia yake bila kichwa chake unabaki na uchovu. Sisi wengine tunahitaji kitu cha kulishikia neno, na kitu cha karibu kuliko vyote ni maana. Mtu akishaambiwa kwamba "talaq" ni talaka, atalisahau vipi?

La pili ni kubwa zaidi. Maana ndiyo inayokuambia neno linafanya nini likiwa ubaoni. Chukua "xu". Ni sarafu ndogo ya zamani ya Vietnam, sehemu ya mia ya dong, na jina lenyewe limetokana na "sou" ya Kifaransa. Wingi wake ni "xu" vilevile, haipokei S. Chukua "zoa": ni wingi tayari, umoja wake ni "zoon", kwa hiyo ukiibandika S umekosea. "Ex" ni mtalaka au mpenzi wa zamani, lakini pia ni kitenzi, kufuta kwa alama ya X, ndiyo maana "exed" inakubalika. "Jo" ni mpenzi kwa Kiskoti, na wingi wake ni "joes". Anayejua maana anajua mkia gani unaweza kuongezwa. Aliyekariri herufi mbili tu, kila mkia ni mzigo mpya wa kukariri.

Na ninyi mnaotaja mabingwa, mtajeni na Wellington Jighere wa Nigeria, Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia kwa Kiingereza, mwaka huohuo wa 2015, kule Perth, Australia. Wanigeria walikuwa wamewekeza kwenye maneno ya urefu wa kati, ya herufi tano, wakati wengine wanakimbilia marefu ya kutumia kete zote saba za mkononi. Maneno mafupi yana heshima yake.

#6 Binti Silabi

Habari zenu kaka zangu na dada zangu. Mimi sina Q, nimekuja na kitu kingine. Hebu angalieni viunganishi vyetu: ya, za, la, cha. Vyote vinne ni maneno halali ya Kiingereza kwenye Scrabble! Kwa bahati tu ya herufi, lakini angalieni maana zake.

"Ya" ni "you" ya mdomoni, wewe. "Za" ni piza, wamekata mwanzo wa neno wakabakiza mkia. "La" ni noti ya muziki, kama do, re, mi. "Cha" ni chai, na hapa si bahati kabisa, "cha" na chai asili yake ni Kichina, ni ndugu wa damu.

Endelea: "na" ni hapana kwa lahaja za kaskazini ya Uingereza na Uskoti, kinyume cha na yetu inayounganisha. "Ka" ni sehemu ya roho ya mtu katika imani za Misri ya kale. "Ki" kaka Kete Saba ameshaieleza. "Si" ni noti nyingine ya muziki. "Pa" ni baba na "ma" ni mama.

Ila muwe macho, msifikiri silabi yoyote ya Kiswahili itapita. "Wa" haimo. "Ni" haimo. "Ku" haimo. Mswahili akicheza kwa haraka hizo tatu zinamponyoka mkononi, kwa sababu kichwani ni maneno ya kawaida kabisa. Mpinzani akipinga, unapoteza zamu.

Nami naungana na Kete Saba. Nilipojua "ka" ni kitu cha Misri na "na" ni hapana, nikaacha kuyachanganya na ya kwetu. Bila maana, macho yanaona Kiswahili tu.

#7 Mwanafunzi wa Lugha

Dada Silabi, hiyo ya viunganishi nimeipenda mno.

Kete Saba, nimejaribu ile mbinu yako ya kurudisha q. Kitabu, si iwe "qitab"? Na katibu je? Kalamu? Kahawa? Ninaona k kila mahali sasa.

#8 Mzee wa Kamusi

Hapo ndipo mbinu inapohitaji msimamizi, mwanangu, na nashukuru umeuliza kabla hujaenda mezani.

Kiarabu kina k mbili tofauti. Ipo ق, ambayo Waingereza wanaiandika q, na ipo ك, k ya kawaida kama yetu. Kiswahili kikazitia zote mbili kwenye k moja. Kitabu na katibu zimetoka kwenye ك, kwa hiyo q haina haki hapo kabisa. Kafiri pia ni ك. Kalamu na kahawa ni ق, hapo sikio lako halikukudanganya, lakini kuna sharti la pili: lazima Kiingereza kiwe kimelichukua neno lenyewe, na kilichukue kwa tahajia ya q. Kahawa walilipokea zamani kupitia Waturuki na Wazungu wa bara, likafika likiwa limeshageuka "coffee". Q ilipotea njiani.

Wakati, dakika, sanduku, kabila, rafiki: yote yalikuwa na ق huko yalikotoka, na hakuna hata moja unaloweza kuliweka ubaoni kwa q. Hata kamusi, ndugu zangu. Kamusi ni qamus, na asili yake ya mbali ni jina la Kigiriki la bahari kuu.

Basi itumieni mbinu ya Kete Saba kukumbuka neno mlilokwisha kulihakikisha kwenye orodha. Msiitumie kubuni.

Nyongeza moja. Barakoa nayo imo katika familia. Inatokana na burqu' ya Kiarabu, vazi la kufunika uso, na Kiingereza kinaandika "burqa". Sauti ya mwisho ya Kiarabu, ain, sisi tumeipokea kwa irabu zetu, wao wameitupa. Ukiyaweka mawili hayo pamoja utaona kila lugha ilivyohangaika na koo la Kiarabu kwa namna yake.

#9 Nane Kwa Nane

Wakuu, mmezungumza Q mpaka mmesahau kwamba J na X zina pointi 8 kila moja na ni rahisi kuzitua. Naleta J kwanza kwa sababu inaingia kwenye hoja ya mleta uzi moja kwa moja.

"Haj": hija. Huandikwa pia "hajj" na "hadj", na mwenye kuhiji ni "haji", hilohilo letu herufi kwa herufi. "Taj": kofia ndefu iliyochongoka ya mtu wa heshima, ni taji. "Jin": jini! Na hili lina sura nyingi kuliko yote, "jin", "jinn", "jinni", "djin", "djinn". Kwa Kiarabu jinn ni kundi na jinni ni mmoja, ila Waingereza wamechanganya, kwa hiyo S inapokelewa. Nilipoona "djinn" mara ya kwanza ile D ilinisumbua. Ni tahajia ya Wafaransa: kwao J peke yake inatamkwa laini, wakaongeza D ili isomeke kama j yetu. "Raj" ni utawala, la Kihindi.

X sasa, kwa kifupi. Za herufi mbili ni "ax", "ex", "ox", "xi", "xu". "Ax" ni shoka kwa tahajia ya Marekani, "ox" ni maksai, "xi" ni herufi ya 14 ya Kigiriki. Kuna "pyx", chombo kidogo cha kuwekea hostia kanisani, pointi 15 na halina hata irabu moja ya kawaida. Ukiwa na mkono mkavu hilo linakuokoa.

Ninalolipenda kuliko yote ni "zax". Z na X ndani ya neno la herufi tatu, pointi 19. Ni chombo cha fundi wa paa cha kukatia na kutobolea vigae vya mawe. Chanzo chake ni "seax" ya Kiingereza cha kale, kisu. S imekuwa Z kwa sababu ya lahaja za kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako s husemwa z. "Sax" ipo pia kwa maana hiyohiyo.

#10 Kete Saba

Nane Kwa Nane, umenitangulia kwa "zax", nami nafurahi. Nimalizie Z kama nilivyoahidi.

Neno la kwanza la Z kwa Mswahili liwe "zero". Kiarabu kilisema sifr, maana yake tupu. Sisi tukapata sifuri. Ulaya neno likagawanyika njia mbili: moja ikapitia Italia ikatoka "zero", nyingine ikatoka "cipher". Kwa hiyo "zero", "cipher" na sifuri ni ndugu watatu wa tumbo moja. Ukilitazama hivyo, Z ile haionekani tena ngeni.

"Fez" ni tarabushi, na jina limetokana na mji wa Fez, Morocco. "Czar" ni mfalme wa Urusi. Wanakubali pia "tsar" na "tzar". Lilianza kama Caesar, yule ambaye Biblia zetu zinamwita Kaisari. "Adz" au "adze" ni tezo, chombo cha seremala cha kuchongea. "Zek" ni mfungwa wa kambi za Kisovieti. "Coz" ni binamu kwa kifupi. "Zed" na "zee" ni jina la herufi Z yenyewe, la kwanza kwa Waingereza, la pili kwa Wamarekani.

Na lipo "zo". Ni mnyama wa milima ya Himalaya, mseto wa yaki na ng'ombe. Kwa sababu limetoka Kitibeti na kila msikilizaji aliliandika alivyosikia, linakuja pia kama "dzo", "zho" na "dso". Sura nne za mnyama mmoja. Ni utajiri mkubwa kwa mwenye Z na kete zisizopatana.

Kuhusu "za" ya dada Silabi: watu hulilalamikia kwamba ni la kihuni. Mimi nalitetea. Limesemwa, limeandikwa, limeingia kamusini kama yalivyoingia mengine yote. Na kuna jambo la kuchekesha macho: "pizza" lenyewe lina Z mbili, na kwenye mchezo Z ni moja, kwa hiyo huwezi kuliandika bila kete tupu, ile inayosimamia herufi yoyote. Mkia wake unakuja wenyewe.

#11 Shuwari

Nimerudi. Hoja ya mikia, ya "xu" na "zoa", nimeikubali. Hapo maana inafanya kazi ambayo orodha ya wazi haifanyi. Bado nasema anayetaka ubingwa lazima akariri, lakini sawa, akariri akiwa na maana mkononi.

Sasa naomba mmoja wenu aliweke wazi jambo ambalo wageni wa uzi huu litawaumiza. Hizo orodha si moja. Nimeona mtu anaweka "zo" kwenye programu ya simu linakataliwa, anaapa kwamba limo.

#12 Nane Kwa Nane

Sahihi kabisa. Wachezaji wa Marekani na Kanada wana orodha yao, na karibu wengine wote duniani wanaotumia Kiingereza wanafuata ya kamusi ya Collins, ambayo ni pana zaidi. Kwa maneno ya herufi mbili peke yake, ya Marekani ilifika 107 baada ya kupokea "ok" na "ew" mwaka 2018, na ya Collins ikafika 127 mwaka 2019 ilipopokea hayohayo pamoja na "ze". "Zo", "ja" na "ky" ni za Collins tu. "Ky" ni ng'ombe kwa Kiskoti, wingi. "Qi" na "za" ni salama kote. Marekani waliziruhusu mwaka 2006, na wanaocheza tangu zamani wanasema mchezo ulibadilika siku hiyo, maana Q na Z zote mbili zilipata mlango wa dharura kwa mara moja.

Kabla ya kuanza, mkubaliane mezani orodha ipi inatumika. Kwenye programu za simu angalia mipangilio, nyingi zinakuachia uchague.

#13 Binti Silabi

Naomba kuongeza kwa wale wanaoshikwa na irabu tupu, maana hilo nalo ni janga. "Aa" ni lava ya volkano iliyoganda ikawa na makali makali, neno la Hawaii. "Ai" ni mnyama wa Amerika ya Kusini mwenye kucha tatu, anayekwenda polepole mno juu ya miti. "Oe" ni kimbunga cha visiwa vya Faroe. "Ae" ni moja, kwa Kiskoti. Yote yanapokea S isipokuwa "ae", kwa sababu ni kivumishi. Shuwari, unaona tena maana inavyofanya kazi!

#14 Mwanafunzi wa Lugha

Wakuu nimenakili kila kitu. La mwisho kutoka kwangu. Kwenye orodha kuna "qaid". Nimerudisha k nikapata kaidi. Je, maana yake ni mtu mkaidi?

#15 Mzee wa Kamusi

Hapana, mwanangu, na umefanya vyema kuuliza. Hapa sauti zimekutana lakini maana hazikutani. "Qaid" ni kiongozi: mtawala au mkuu wa eneo katika nchi za Afrika ya Kaskazini. Kwa sababu ya Wafaransa waliokuwa huko, utalikuta pia limeandikwa "caid". Ukaidi wa Kiswahili haumo ndani yake.

Wingi ni "qaids", na limo kwenye orodha zote mbili alizozitaja Nane Kwa Nane. Ukiwa na Q, A, I na D mkononi kumbuka zinatoa pia "qadi". Tazama ubao kwanza: kama kuna nafasi ya mraba mzuri chini ya D katikati, weka "qadi", kama D inatakiwa mwishoni, weka "qaid". Pointi za herufi ni zilezile 14.